Mpiga kinanda wa kujitolea, watoto wananijua mgongo tu. Wenzangu mnafanyaje?

KinandaChaKando

Wakuu habari zenu. Naandika haraka maana mdogo kalala na sijui nimebakiza dakika ngapi.

Mi ni mpiga kinanda kanisani, wa kujitolea, muziki sijausomea popote. Nilianza kwa kudonoa kwa sikio nikiwa kijana, baadaye mzee mmoja wa sauti ya nne (besi) akanionea huruma akanifundisha do re mi, zile nota za mistari nimekuja kuzisoma mwenyewe ukubwani kwa taabu na mpaka leo nikifungua wimbo nikakuta flati nne (alama za kushusha nota) pale mwanzo jasho linanitoka kabla sijagusa kitu. Kazi inayonilisha haihusiani na muziki hata kidogo. Nina mke na watoto wawili, mkubwa binti wa miaka 6, mdogo miezi 9.

Ratiba yangu iko hivi, mazoezi ya kwaya Jumatano na Ijumaa jioni, Jumamosi mchana tena kama kuna sikukuu inakuja, Jumapili ibada mbili mfululizo, hapo sijaweka ndoa na misiba ambavyo havina kalenda. Nyumbani nina kinanda cha vitufe 61, nafanyia mazoezi usiku watu wakilala. Siku moja nilikaa nikajumlisha nikapata masaa 11 kwa wiki, nikaogopa nikaacha kujumlisha.

Kilichonileta hapa ni hiki. Juzi nilikuwa nyumbani, saa tisa alasiri nikawasha kinanda nicheki utangulizi wa wimbo mmoja. Binti akaja mbio kutoka nje, akasimama mlangoni kashangaa, ananiuliza "baba mbona unapiga na mimi sijalala?" Yaani kwake kinanda ni kitu kinachotokea yeye akishalala, kama mbu. Nikacheka. Mama yake hakucheka. Usiku akaniambia kwa upole tu, bila ugomvi, hawa watoto wanakujua mgongo. Kanisani wanauona mgongo, nyumbani mgongo. Na kinachoniuma zaidi hajasema niache, angesema niache ningejua pa kubishia.

Sitaki kuacha, naomba msianzie hapo. Wapiga vinanda tuko wawili tu pale na mwenzangu anasafiri sana kikazi. Ninachouliza, nyie wenye familia mazoezi mnafanyaje kwa vitendo, saa ngapi, mtoto akiwa wapi, na mlipunguzaje siku bila kwaya kuwaona mmepoa kiroho. Nawasilisha.

SautiYaTatu

Pole mkuu, na hongera pia maana hili tatizo halimpati mtu asiyetegemewa. Mi nina watatu na hii kazi nimeifanya miaka 14, ngoja nikwambie nilipopoteza muda mwingi ili we usipoteze.

Nakuhakikishia sehemu kubwa ya mazoezi yako ya usiku unarudia unachokijua. Tunafungua wimbo, tunaanza juu, tunafika mstari wa tatu wenye ile kodi ngumu (nota kadhaa kwa pamoja, sio za serikali) tunajikwaa, tunarudi juu kabisa. Matokeo yake mistari miwili ya mwanzo umeipiga mara 30 vizuri na ule mgumu umeupiga mara 30 vibaya, vidole vimekariri kosa kwa uaminifu mkubwa. Geuza. Anza na mstari wa mwisho, ukikaa sawa ongeza unaoutangulia, hivyo hivyo mpaka ufike mwanzo, kwa namna hiyo kila unavyosonga unaelekea kwenye eneo unalolijua na sio kwenye shimo. Na siku mbili za kwanza piga sauti ya kwanza na ya nne tu, zile mbili za nje. Mtoto akiamka ukashindwa kufika kwenye sauti za kati bado Jumapili unaingia kanisani na wimbo umesimama, maana waumini wanashika tuni (sauti ya kwanza) na besi. Nimepiga hivyo Jumapili nyingi tu na hakuna aliyewahi kuuliza sauti ya pili imeenda wapi isipokuwa wenyewe sauti ya pili, na hao wanalalamika hata nikiipiga.

Jambo lingine lililoniokoa ni kuhesabu silabi. Vitabu vingi vya tenzi za zamani vina namba juu ya wimbo au kule nyuma kwenye orodha, 8.6.8.6 ndo mita ya kawaida, 8.8.8.8 mita ndefu, 6.6.8.6 mita fupi. Hizo ni silabi za kila mstari. Nyimbo mbili zikiwa na namba moja unaweza kuimba maneno ya huu kwa tuni ya ule. Nikajichagulia tuni kama kumi nikazipiga mpaka nikawa naweza kuzipiga nimesinzia, wiki ambayo nyumbani kuna homa na mchungaji kaleta wimbo mpya Jumamosi jioni, namwambia maneno yake tutaimba ila kwa tuni hii. Tahadhari moja, jaribu kwa mdomo kwanza. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho na hizo tuni nyingi hazikutungiwa lugha yetu, hesabu inaweza kukubali halafu nota ndefu ikaangukia silabi ya mwisho, mkajikuta kanisa zima mnavuta kitu ambacho hakikutakiwa kuvutwa. Yalinikuta kwenye msiba, sitaki kusimulia.

Mwisho, daftari. Kama kwenu mnafuata kalenda ya masomo ya Biblia ya miaka mitatu, A, B na C, Wakatoliki wanayo tangu 1969 na Waprotestanti wengi wana inayofanana nayo ya 1992, basi andika kila Jumapili mmeimba nini na kii gani (nota ya msingi wa wimbo). Ukizunguka miaka mitatu unajinakili mwenyewe. Kukaa Alhamisi usiku mnatafuta wimbo wa kuendana na somo ni mzigo unaotuchosha kuliko kupiga kwenyewe.

Muda: dakika 15 kila siku, zisizidi. Masaa mawili ya Ijumaa usiku hayakai kichwani, na asubuhi ya Jumamosi unakuwa baba mwenye hasira.

MkeWaMwalimu

Mi sio mwanamuziki ila ni mke wa mwalimu wa kwaya mwaka wa 19 huu, nadhani nina cheti.

Kaka yangu, SautiYaTatu kakushauri vizuri mambo ya vidole ila hujaulizwa vidole nyumbani kwako. Mwanamke mwenye akili timamu hachukii mume anayempigia Mungu kinanda, nilimpenda wangu nikimwangalia anahesabisha kwaya kwa kidole kimoja. Kinachochosha ni vitu vidogo ambavyo nyie hamvioni kwa sababu mkifika nyumbani mnakuwa mmevichoka na nyie.

Mazoezi yanaisha saa moja na nusu, mtu anaingia ndani saa tatu. Kile kikao cha nje baada ya mazoezi, mnajadili nani kaingia mapema kwenye kiitikio, nani kagombana na nani, yunifomu, hicho kikao hakipo kwenye ratiba uliyotuandikia hapo juu lakini mkeo anakihesabu. Halafu akifika hajafika. Unamweleza mtoto kachemka mwili, anakuitikia mmh kwa sauti ya nne. Vidole viko juu ya meza vinapiga. Nilishawahi kuongea na mume wangu dakika nzima kuhusu ada nikagundua anahesabu mapigo ya hatua zangu.

Na Jumapili asubuhi ndo kabisa. Yeye anawahi kwenda kupanga vyombo, mimi nabaki na watoto wanne, viatu saba, naoga mwisho, nafika kanisani wimbo wa mwanzo umeshaisha, nakaa nyuma na jasho namwangalia yeye mbele kapendeza. Miaka mingi nimesali nikiwa nimekasirika, nasema ukweli.

Tulivyotengeneza: nyimbo za Jumapili anazimaliza Jumatano, akichelewa anapiga alizonazo. Jumapili anawaogesha na kuwavalisha wote kabla hajatoka, kama ni kuamka saa kumi na moja aamke, si ndo huduma. Akitoka mazoezini anapiga simu nimetoka, na akisema nimetoka awe ametoka.

Swali langu kwako moja tu. Mkeo kabla hajazaa alikuwa anaimba sauti gani?

BesiMtupu

Johann Sebastian Bach, yule mtunzi wa muziki wa Kijerumani, alikuwa na watoto 20 na kila Jumapili kinanda kinalia. We wawili tu umeita kikao. Kaza buti mkuu 😂

MamaSautiYaPili

BesiMtupu nilijua tu kuna mtu atamleta Bach. Bach ilikuwa ajira yake, kule Leipzig tangu 1723 mpaka anakufa 1750 alikuwa analipwa kwa hiyo kazi, huyu ndugu yetu anatoka kazini kwake kachoka ndo anaenda kwaya. Na hao watoto 20 ni kwa wake wawili, waliofika utu uzima ni 10, hiyo nyumba ilizika sana, sio ya kufanyia utani. Na huyo mke wa pili, Anna Magdalena, alikuwa mwimbaji wa kulipwa yeye mwenyewe kabla na baada ya ndoa, halafu akawa anamnakilia mumewe nota kwa mkono huku nyumba imejaa watoto. Ukimtaja Bach mtaje na aliyekuwa anashika kalamu.

Ila kuna kitu kimoja cha Bach nakipenda. Mwaka 1720 mtoto wake mkubwa wa kiume akiwa na miaka 9 alimwanzishia kijitabu chake cha kinanda, cha huyo mtoto, akaandika humo alama za mapambo ya nota na namba za vidole na vipande vidogo vidogo. Na mke naye akawa na daftari lake, la kwanza 1722, la pili 1725, ndani mna mikono ya familia, wengine wanajifunzia humo. Kwa hiyo palikuwa na muziki wa kanisani na palikuwa na muziki wa mle ndani, wa watu wa mle ndani. Wengi wetu huo wa pili hatuna. Tunatumia sebule kama karakana ya Jumapili.

Mi mwenyewe ni mama, napiga kinanda na akikosekana mwingine naimba sauti ya pili. Niwaambie tu mwanaume akija na mtoto mazoezini anasifiwa, ona baba bora, mimi nikija naye naulizwa kwani baba yake yuko wapi. Tuliache. Nimeshapiga ibada nzima mtoto kakaa mapajani, mkono wa kushoto unafanya besi wa kulia unafanya tuni na kumzuia asibonyeze, hapo ndo nilipojua sauti za kati kweli hazina lazima, SautiYaTatu yuko sahihi.

Kwa binti yako wa miaka 6 fanya hivi. Mfundishe do re mi kwa mikono. Hizi ishara alizieneza mchungaji mmoja wa Uingereza, John Curwen, karne ya 19, ndo huyo huyo aliyeeneza nota za d r m f s tunazosomea wengi kwaya, na mwenyewe alijengea kazi ya mwalimu wa kike, Sarah Glover. Do ni ngumi. Re kiganja kimeinama kama kilima kinachopanda. Mi kiganja kimelala sawasawa kama meza. Fa kidole gumba kinaangalia chini. So kiganja kinakutazama wewe. La mkono unaning'inia kutoka kwenye kifundo. Ti kidole cha shahada kinaonyesha juu. Do ya juu ngumi tena ila umeipandisha. Anza na so na mi tu, hizo mbili watoto wanaimba wenyewe wakitaniana hata bila kufundishwa. Wewe unaonyesha, yeye anaimba, baadaye mnageuza, yeye anaonyesha wewe unaimba, na hapo atakutesa atakurusha kutoka do ya chini mpaka ti, mwache, atacheka mpaka alale chini. Haihitaji kinanda, haihitaji umeme, unafanya njiani, unafanya unamvalisha. Na utakuwa umemgeuzia uso maana ishara za mkono hazionekani mgongoni.

KinandaChaKando

Nimesoma zote. Asanteni sana.

MkeWaMwalimu dada yangu, kikao cha nje kipo. Sikukiandika maana sikujua ni kitu. Nimehesabu jana usiku, kwa wiki kinakula kama masaa mawili na nusu hivi.

Na swali lako. Sauti ya kwanza. Nilimpatia humo humo kwaya, alikuwa ndo anaanzisha zaburi Jumapili nyingi, mi nilikuwa natafuta kii yake ili asipate shida kule juu, ndo tulivyoanza kuongea, kwa mambo ya kii. Alipojifungua binti akasema anapumzika miezi mitatu. Mwaka huu ni wa sita. Nimekaa nimejaribu kukumbuka kama kuna siku nilimuuliza utarudi lini, sikumbuki. Kwaya nayo haikuuliza, walipata mwingine.

Sijajibu bado ndani, nawaza nianzeje.

FundiSpika

Mi nitachangia vya ufundi tu maana ya ndoa yameshapata wenyewe.

Usiku tumia hedfoni, hilo najua unafanya. Ila usizibe masikio yote mawili, acha moja wazi umsikie mtoto, mama mtu asiwe ndo kengele. Na sauti usipandishe sana, kiwango kinachopendekezwa kwa watu wa kazini ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, yaani 88 ni masaa 4, 91 masaa 2. Ukichoka usiku unajikuta unapandisha bila kujua.

Kitu ambacho watu hawakijui, kinanda cha hedfoni hakiko kimya. Wewe unasikia muziki, aliyelala chumba cha pili anasikia tak tak tak ya vitufe, na ule mshindo unashuka kwenye stendi unaingia sakafuni unatembea na ukuta. Weka vipande vya mpira mzito chini ya miguu ya stendi, au zulia lililokunjwa mara mbili tatu. Mguu wa pedali nao usiwe unaukanyaga kama breki.

Halafu kuhusu flati nne zako. Nakijua kile kitufe cha transpozi, wote tunakitumia kimya kimya, unapiga kwenye G kinatoka A flati na hakuna ajuaye. Sio dhambi. Ila uwe na tabia ya kukirudisha sifuri kila wimbo unapoisha. Mimi nilikiacha kwenye +4 baada ya wimbo wa matoleo, wimbo uliofuata nikaanza kwa kujiamini kabisa, sauti ya kwanza wakapanda mpaka wakawa wanapiga filimbi, besi wakawa ndo tena. Mzee mmoja kwenye benchi la mbele akafunga kitabu akakaa. Siku hizi nimebandika kikaratasi pale: NGAPI?

MtotoWaKwaya

Mi sipigi chochote, nimeingia hapa baada ya kuona neno mgongo.

Baba yangu alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya maisha yake yote, hakuwahi kulipwa. Niwape upande wa mtoto. Sikukuu zote kubwa baba hayupo, yupo ila hayupo. Siku yangu ya kuzaliwa iko Desemba, wiki ya mazoezi ya Krismasi, hiyo haikuwahi kuwa siku yangu hata mara moja, nilikuwa nayo hasira mpaka nimekuwa mtu mzima. Kuna mwaka nilimficha kitabu chake cha nota makusudi. Alikitafuta nyumba nzima, akaenda akapiga bila kitabu, akapiga vizuri, ndo ikaniuma zaidi.

Upande mwingine nilipofika miaka kama 8 alinipa kazi ya kugeuza kurasa. Nakaa benchi moja naye upande wa kushoto, sijui nota hata moja, namwangalia usoni, akitikisa kichwa nageuza. Kwa hiyo mimi uso wake naujua sana tena ule wa kazini, nyusi zinapanda nota mbili kabla ya kosa, kosa lenyewe hakuna aliyelisikia ila mimi nimeliona linakuja. Ndugu zangu wengine hawana hicho, wao wana ule mgongo.

Huyo FundiSpika kaandika tak tak tak hapo juu nikaacha kusoma kidogo. Hiyo ndo sauti niliyolalia mimi. Hatukuwa na hela ya spika ya maana, alikuwa anapiga kwa hedfoni usiku, sisi tunasikia vitufe vikavu tu bila wimbo. Mpaka leo mtu akichapa kwenye kompyuta usiku chumba cha pili macho yananifumba. Sijui kama hii inakusaidia kwa binti yako. Mi sijaamua bado kama nimemsamehe na ameshafariki.

SautiYaTatu

MtotoWaKwaya pole ndugu. Nimesoma yako nikaenda kumuuliza wa kwangu wa kati anachukia nini, akanijibu "Jumamosi". Sikutegemea jibu la haraka vile.

BesiMtupu

Nafuta yangu ya Bach. Endeleeni.

KinandaChaKando

Wakuu nimerudi, ni kama wiki saba hivi zimepita, niliahidi moyoni nitaleta mrejesho.

Nilianza kwa kumuuliza moja kwa moja, unataka kurudi kwaya? Akaniambia we unataka nirudi au umesoma mahali? Nikasema nimesoma mahali. Akacheka, akasema basi afadhali umesema ukweli. Hakujibu siku hiyo. Siku ya tatu kanikuta nawafulia watoto, kasimama pale akasema sauti yenyewe sasa hivi haipandi kama zamani, labda sauti ya pili. Nikajua jibu ni ndio.

Tulivyopanga: Jumatano naenda mimi, Ijumaa anaenda yeye na mi nabaki na watoto. Yaani Ijumaa kwaya haina kinanda kabisa. Mwalimu wa kwaya alinuna wiki mbili, akasema mnanivunjia kwaya, akaniuliza nimekwazwa na nani, nikamwambia sijakwazwa nina watoto. Wiki ya tatu kanipigia mwenyewe, anasema wakiimba bila kinanda wanaanza kwenye F, wanafika beti la nne wako karibu na E, hawajawahi kujua kwamba wanashuka maana siku zote kinanda kilikuwa kinawabeba. Sasa Ijumaa anawanoa hapo hapo, kila beti likiisha anawapigia nota ya mwanzo kwa kile kifilimbi chake wanajionea wamedondoka kiasi gani. Hajasema asante ila kinanda cha Ijumaa hajakiulizia tena.

Ijumaa ya kwanza niseme tu ilikuwa mbaya. Mdogo alilia kuanzia mama yake anafunga mlango mpaka anafungua. Nilijaribu kinanda akalia zaidi, nikajaribu kumwimbia akanyamaza akaniangalia halafu akaendelea. Nilichogundua nyimbo zote ninazozijua nazijua sauti ya nne, tuni siijui, mtoto nilikuwa namwimbia besi. Nani analala kwa besi.

Mazoezi nimeyahamishia saa kumi na moja jioni, dakika 15, mlango wazi. Naanza mstari wa mwisho kama nilivyoshauriwa na kweli inafanya kazi, inaudhi lakini inafanya kazi. Binti anakaa benchi upande wa kushoto. Ishara za mikono kazishika zote ndani ya siku nne isipokuwa fa, anakataa kugeuza gumba chini, anasema hiyo ni ya kusema kitu kibaya na fa haijafanya kosa. Kwa hiyo kwetu fa gumba liko juu, Curwen atatusamehe.

Jumapili moja kwa mwezi sipigi, nakaa na familia benchi la katikati. Sikujua nifanye nini na mikono. Wimbo wa pili binti kanishika vidole vyote akavikalia, kumbe nilikuwa nampigia gotini.

Kingine, MkeWaMwalimu hii ni yako. Juzi usiku namwambia mke wangu maji ya mtoto yamechemka tayari nimwage wapi, ananiitikia mmh. Nikamwita tena, mmh. Nikasikiliza vizuri, ni mstari wa sauti ya pili wa ule wimbo mpya na anaukosea pale pale wanapokosea wote.

Sasa nina swali lingine dogo tu, binti anataka kuanza kubonyeza mwenyewe, vidole vyake oktava (do ya chini mpaka do ya juu) haifiki hata nusu, nianze naye mkono upi au nimwache adonoe kama nilivyodonoa mi

Ngoja kwanza mdogo kaamka.